Asubuhi nakiambia kioo sitaki pombe, jioni niko kaunta

Mshauri, salamu.

Nina miaka 38, nimeoa, nina watoto wawili na kazi ya kudumu. Kinywaji changu ni bia ya asilimia 5: chupa tatu za mililita 500 kila Jumatatu, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, kisha Jumamosi sita. Jumanne na Jumapili sigusi. Silewi chakari, sijawahi kukosa kazi kwa sababu ya pombe, na mwezi uliopita nilisafiri siku nne bila kunywa hata tone. Sikutetemeka wala kutokwa jasho. Ila nimechoka. Naanza kunywa saa mbili usiku, saa nne nalala kama gogo, saa tisa macho yako wazi hadi alfajiri. Na siku bosi akinisema mbele ya wenzangu, zile tatu huwa nne au tano.

Miezi miwili iliyopita nilisikia kwamba mtu akijisemea maneno mazuri kila asubuhi, ubongo unayapokea na tabia inabadilika. Nikabandika karatasi kwenye kioo cha bafuni: "Mimi ni mshindi. Mimi sitaki pombe. Mimi nina nguvu." Naisoma mara kumi kabla ya kwenda kazini. Jioni niko palepale. Mke wangu mwanzoni alinitia moyo, siku hizi akipita bafuni anacheka. Na mimi, kusema kweli, nikiisoma najisikia mwongo. Je, nakosea namna ya kuyasema, au haya mambo ni porojo tu? Na nikiendelea, nimshirikishe mke wangu au nifanye kimyakimya?

Mwenye Kioo

JIBU

Mwenye Kioo, hukosei namna ya kuyasema. Maneno yenyewe hayaiwezi kazi uliyoyapa.

Akili ya mtu mzima haimezi kila inachoambiwa; hulinganisha kwanza na inachokijua. Ukisema "sitaki pombe" alfajiri, ilhali usiku wa jana ulimaliza chupa tatu, kinachokujia kichwani ni zile chupa. Ukirudia mara kumi, umeziita mara kumi. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu walirudia sentensi ya kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wanajiona duni tangu awali walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakurudia. Waliokwisha kujiamini walinufaika, tena kidogo. Kwa hiyo huko kujisikia mwongo si udhaifu wako.

Lakini si porojo yote. Kuna zoezi jingine, la kujikumbusha jambo unalolithamini (kwa Kiingereza self-affirmation), ambalo watu hulichanganya na kauli za kioo (affirmations) kwa sababu majina yanakaribiana, na hilo limefanyiwa utafiti wa miaka mingi. Msingi wake uliwekwa na mwanasaikolojia Claude Steele mwaka 1988. Alisema kila mtu hulinda picha yake mwenyewe kuwa ni mwema, mwenye akili na anayejimudu. Habari ikija kuitikisa picha hiyo, mtu huikinga kabla hajaipima. Mnywaji akiambiwa pombe inamdhuru, hujibu haraka kwamba wapo wanaomzidi, au kwamba mzee fulani alikunywa hadi akazikwa na miaka 90. Barua yako ina kinga mbili za aina hiyo, na hatukulaumu: "silewi chakari" na "sijawahi kukosa kazi". Zote ni kweli, na zote hazihusiani na kilichokufanya uandike, yaani usingizi, uchovu, na chupa zinazoongezeka ukidhalilishwa.

Steele aliona kwamba mtu akikumbushwa kwanza jambo jingine linalompa heshima maishani, pengine ulezi wake, ufundi wake au imani yake, haihitaji tena ile kinga kwa nguvu zote. Ana pa kusimama, kwa hiyo anaweza kusikia baya. Mwaka 2005 Peter Harris na Lucy Napper waliwapa wasichana wanaokunywa maelezo ya uhusiano wa pombe na saratani ya matiti. Walioandika kwanza kuhusu jambo wanalolithamini walikubali zaidi kwamba hatari ile inawahusu, hasa wale wanywaji wakubwa. Mwaka 2011 Christopher Armitage na wenzake walilifupisha zoezi likawa sentensi moja ya "ikiwa… basi…", na walioitumia walipunguza kunywa. Sentensi hiyo tutaifikia.

Usitegemee muujiza, lakini. Tafiti nyingi zikijumlishwa, athari yake ni ndogo, na zimo ambazo hazikuona punguzo lolote la pombe. Zoezi hili haliondoi hamu. Linakulegeza ili ukweli uingie na mpango ushike. Ukilifanya peke yake, bila ukweli na bila mpango, utabaki umejisifu tu.

Tuanze na kuandika. Tafuta dakika 15 ambazo hujanywa na hutakunywa ndani ya saa chache zijazo. Kwako Jumapili asubuhi inafaa. Orodhesha mambo sita au saba yanayokufanya ujione mtu wa maana: kulea watoto, kufanya kazi safi, kutimiza ahadi, dini, kusaidia ndugu, ucheshi, muziki, bustani. Yapange kwa uzito, kisha chukua moja tu.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Jambo hilo lisiwe afya, wala kujizuia, wala chochote kinachogusa pombe. Ukiandika "nina nidhamu" halafu ukasoma hesabu ya chupa, umerudi kwenye kioo. Lisiwe pia jambo ambalo pombe imeshalijeruhi. Ikiwa wiki hii umegombana na mkeo kwa sababu ya bia, kuandika kwamba wewe ni mume mwema kutakuongezea hatia, na hatia ni sababu nyingine ya kwenda kaunta. Tena jihadhari na "mimi ni mtu wa watu" ikiwa watu wenyewe unakutana nao kwenye kinywaji. Siku ya tatu tunu hiyo, yaani jambo ulilolithamini, itakuwa wakili wa chupa. Chagua sehemu ya maisha yako ambayo pombe haijaingia.

Ukishachagua, usiandike sifa. Andika tukio. "Mimi ni baba mwenye upendo" haina pa kushika. Linganisha na hii: "Jumanne mwanangu alikwama kwenye hesabu za sehemu. Nilikata chungwa vipande vinane, tukahesabu, tukala. Alipoelewa alimkimbilia mama yake kumwonyesha. Nilikaa naye saa nzima, sikumfokea hata mara moja. Kwangu hilo ni muhimu kwa sababu mimi nilifundishwa kwa fimbo." Ina siku, kitendo, mtu aliyeona, na mwisho inasema kwa nini. Akili haina pa kuipinga kwa sababu ilitokea. Ukurasa mmoja unatosha. Mwandiko mbaya si hoja, na hakuna wa kusahihisha.

Usiandike kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha, kila mara na tukio jipya. Ukilifanya asubuhi zote litageuka kuwa ibada ya mdomo kama ile ya bafuni.

Sasa, bila kuinuka hapo ulipokaa, geuza karatasi uandike hesabu. Mpangilio huu una maana: tunu kwanza, ukweli baadaye. Mtu akishajenga utetezi wake, kumkumbusha thamani yake hakuubomoi, amechelewa.

Hesabu ni hii. Zidisha mililita kwa asilimia ya kileo, gawa kwa 100, halafu zidisha kwa 0.789, ambayo ni uzito wa mililita moja ya kileo kwa gramu. Chupa yako: 500 mara 5, gawa kwa 100, unapata mililita 25, mara 0.789 ni karibu gramu 20. Siku nne za chupa tatu ni 12, na sita za Jumamosi jumla 18. Hizo ni gramu 355 kwa wiki, kabla ya nyongeza za bosi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unamtaka mtu asizidi vipimo 14 kwa wiki, na kipimo chao ni gramu 8, yaani jumla ya gramu 112. Wewe umeupita zaidi ya mara tatu. Shirika la Afya Duniani lilikwenda mbali zaidi mwaka 2023 likasema hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, hoja kubwa ikiwa saratani. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyo chini ya shirika hilohilo, iliiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988: kinywa, koo, umio, ini, na baadaye ikaongeza utumbo mpana na titi.

Na ile saa tisa ya usiku? Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za kileo kwa saa, na kahawa au maji ya baridi hayaliharakishi. Chupa tatu ni gramu 60. Ukianza saa mbili usiku, kwa mwendo wa gramu 8 kwa saa zinamalizika kati ya saa tisa na saa kumi. Pombe ilikuwa imeubonyeza ubongo ulale. Inapoisha, ubongo unafumuka kama springi iliyoachiwa, moyo unakwenda mbio kidogo, na usingizi wa nusu ya pili ya usiku unavunjika. Huamshwi na mawazo. Mawazo yanakukuta umeshaamka.

Tumeieleza hesabu hii kwa urefu kwa sababu wengi hupunguza chupa bila kusoma lebo. Ukihamia bia ya asilimia 8, kila chupa ya mililita 500 ina karibu gramu 32, na tatu za hiyo ni sawa na karibu tano za ile unayokunywa sasa. Umebaki na "tatu zako", lakini kilichoingia mwilini kimeongezeka. Pombe kali ya kumimina kwa jicho ndiyo mbaya kuliko zote kuhesabu: pima kwa kikombe chenye alama, au usiihesabu kabisa kama sehemu ya mpango.

Lengo lako tungeliweka hivi. Wiki mbili za kwanza chupa 10 kwa wiki: ondoa Jumatatu na Alhamisi, Jumatano na Ijumaa tatutatu, Jumamosi nne. Wiki mbili zinazofuata shuka hadi tano, zigawanye kwenye siku tatu, isizidi mbili kwa siku. Tano ni karibu gramu 100, chini ya ile 112. Hapo ndipo utajua usingizi wako ulivyo kweli, na ndipo utaamua kama unataka kubaki na tano au kuacha kabisa. Wapo wanaoona kuacha ni rahisi kuliko kuhesabu, maana "hapana" moja inachosha kidogo kuliko "hii ya mwisho" tano. Wewe unaweza siku nne kavu, kwa hiyo njia zote mbili ziko wazi kwako.

Namba peke yake haitembei. Inahitaji sentensi za "ikiwa… basi…", ambazo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amezitafiti kwa muda mrefu. Nguvu yake iko kwenye kutaja saa na mahali ambapo mkono wako huanza kwenda wenyewe. "Nitapunguza" haina mlango. "Jumatatu nikitoka kazini, basi nitapita barabara ya nyumbani, si ya kaunta, na nitakula kabla ya saa moja na nusu" ina mlango. "Chupa ya pili ikiisha Ijumaa, basi nitaagiza maji kabla mhudumu hajaleta ya tatu." Ziandike tatu au nne, zisizidi hapo, na kila moja iseme utakachofanya, isiishie kwenye utakachoacha.

Moja kati ya hizo ni ile ya Armitage, nayo inakufaa wewe hasa kwa ajili ya siku za bosi. Ukisemwa mbele ya watu, kilichoguswa ni ile picha yako ya mtu anayejimudu. Chupa ya nne haizimi kiu, inafuta fedheha. Sentensi inakwenda hivi: "Ikiwa nimejisikia kutishwa au kuwa na wasiwasi, basi nita…", na unamalizia kwa mojawapo ya haya: nitafikiri mambo ninayoyathamini kuhusu nafsi yangu, nitakumbuka nilichofanikiwa, nitafikiri kile ninachokisimamia, au nitafikiri yale yaliyo muhimu kwangu. Kwako tungeibana zaidi: "Ikiwa bosi amenisema, basi kabla sijatoka kwenye jengo nitakaa dakika tano nikumbuke chungwa lile la vipande vinane, kisha nipige simu nyumbani." Tumia tukio uliloliandika Jumapili. Ndiyo sababu tulisisitiza tukio: wakati wa hasira hakuna anayeweza kutunga sifa, lakini picha inakuja yenyewe.

Hamu nayo hupanda, hufika kilele, hushuka. Mara nyingi dakika 20 hadi 30 zinatosha ikiwa hujaketi mbele ya chupa. Dakika tano za kukumbuka na simu moja hazimalizi muda wote huo, kwa hiyo mwendo wa kurudi nyumbani uhesabu kuwa sehemu ya mpango.

Mambo mawili yataharibika, ujue mapema. La kwanza ni kuridhika. Mtu anaandika ukurasa mzuri, anajisikia mwema, halafu wema huo anautumia kama kibali: "nimejitahidi wiki hii, nastahili." Pia kuna anayeshindwa, akajiandikia jinsi alivyo baba bora, na lengo likamtoka bila maumivu. Zoezi likikufanya usijali tena namba, limegeuka dawa ya usingizi. Rudi kwenye hesabu. La pili ni siku ya kuteleza. Ulipanga mbili, ukanywa ya tatu, ukasema imeshaharibika, ukamaliza sita. Ile ya tatu ilikuwa gramu 20. Tatu zilizofuata ni gramu 60, nazo zililetwa na neno "imeshaharibika". Asubuhi yake andika mistari mitatu tu: mmoja wa tunu, mmoja wa idadi halisi, mmoja wa sentensi ipi ya "ikiwa" ilivunjika na itabadilishwa vipi. Usizimue.

Sasa onyo, zaidi kwa wasomaji wengine kuliko kwako. Siku zako nne bila kutetemeka zinatupa moyo kwamba mwili wako haujaitegemea pombe, ndiyo maana tumekupa mpango wa nyumbani. Anayeamka akitetemeka mikono, akitoka jasho, akitapika, au anayelazimika kuzimua ndipo atulie, asiache ghafla kwa ushauri wa safu ya gazeti. Dalili za kuacha huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuchanganyikiwa au kuona visivyokuwepo kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hiyo inaua, na hospitalini inatibika. Daktari ana dawa za kumvusha mtu siku hizo, na nyingine za kumsaidia asirudie, kama naltreksoni na akamprosati. Asiye na uhakika yuko upande gani aombe kwenye kituo cha afya maswali 10 ya AUDIT ya kupima unywaji wa pombe, yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Alama 8 na zaidi zinaashiria unywaji wa hatari. 20 na zaidi, muone mtaalamu kabla ya kupunguza chochote. Wewe pia yajibu, kwa sababu chupa 18 kwa wiki si kidogo.

Kuhusu mke wako: ukurasa wa tunu ni siri yako, usimsomee. Ukijua utasomwa utaanza kuandika hotuba. Lakini mpe namba na mpango, yaani 10, kisha 5, na siku zipi hutakunywa, umwombe jambo moja dogo lililo mkononi mwake, kama kupokea ile simu siku ya bosi bila kuuliza uko wapi. Hatukushauri umpe kazi ya kukuhesabia chupa. Kesho mtagombana juu ya kama ilikuwa ya pili au ya tatu.

Na ile karatasi ya bafuni ibandue leo. Upande wa nyuma ni mweupe. Andika majina ya siku saba, na mbele ya kila siku uache nafasi ya namba moja.